Kanda ya Mwalimu Theodora

Zuhura mwanangu,

Tulifundishwa kwamba barua huanza kwa mwandishi kusema yeye ni mzima, hofu yake ni kwa yule aliye mbali. Wewe hata hujaondoka. Saa hizi uko nyumbani kwetu mtaa wa Gerezani, wewe na mama yako mnafunga begi, na mimi nimebaki huku shuleni, darasa la kidato cha pili, wanafunzi wamekwisha kwenda zao. Lakini hofu ninayo tayari, na huo uzima sina hakika nao. Basi nianze hivyo hivyo.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutoazimana nguo na wenzio, mama yako ameyasema na atayarudia kesho mpaka basi la Songea liwashe moto. Mimi siyagusi. Nataka nikueleze kwa nini juzi nilinyamaza. Ulikuja mezani unacheka, ukasema, "Baba, chuo chetu kina chumba kizima cha kompyuta! Na tena wanawarekodi wanachuo wakifundisha, halafu mnakaa mnajitazama kwenye televisheni." Nikasukuma sahani, nikatoka nje. Ulidhani nimekasirika. Mama yako akakuambia, "Mwache, baba yako kachoka." Sikuwa nimekasirika, wala sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimemkumbuka Mwalimu Theodora.

Habari yake unaijua kwa upande wa dawati, kama mwanafunzi. Kwa upande wa walimu hujawahi kuisikia, maana nyumbani sikuwahi kuisema. Kwa vile unakwenda kuwa mwalimu, ni haki yako.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Wewe huikumbuki Kariakoo ya kabla yake, ya foleni ya sabuni na ya unga wa njano. Ghafla maduka yakajaa. Mtaa wa Uhuru televisheni na deki za video kutoka Dubai zilipangwa nje kama mafungu ya nyanya, na wakati huo huku bara hatukuwa hata na kituo cha kurusha picha. Watu walinunua televisheni ili waangalie kanda tu. Vibanda vya video vikaota kila uchochoro, na watoto wetu wakawa wanasinzia darasani kwa sababu ya sinema za karate. Wazazi wenye uwezo wakaanza kuwahamisha wanao kwenda shule mpya za watu binafsi, ambako, tuliambiwa, walimu wanamwaga Kiingereza kama maji. Sisi tulibaki na madirisha yasiyo na vioo, na chaki za kugawana.

Mimi nilikuwa mwalimu wa taaluma. Kila Ijumaa baada ya vipindi walimu wachache tulikuwa tunakutana kwenye stoo ya ramani, tunazungumzia kazi. Hakuna aliyetuamuru. Huyu anasema amefundisha mizani ya ramani mara mbili na watoto bado wanamkodolea macho, yule anamwonyesha namna alivyofanya yeye. Tangu nianze kazi nimehudhuria semina nyingi zenye mabango na chai ya vitafunio, na hakuna iliyonifundisha kama ile stoo.

Ndipo akaolewa shangazi yako Mwajuma. Mimi ndiye niliyepewa kutoa nasaha. Baadaye tulipokusanyika kuangalia video ya harusi, nikamwona mtu anaongea huku anatazama dari, anauliza maswali halafu anayajibu mwenyewe, na baba wa bwana harusi akitaka kusema neno anamkatiza. Mtu huyo ni mimi. Wote mlicheka, na wewe ulicheka zaidi. Mimi nilijiuliza moja: kama hivi ndivyo ninavyoongea na watu wazima, watoto darasani nawafanyaje?

Nikaenda kwa mpiga video mwenyewe, Bwana Harish, aliyekuwa na studio karibu na hekalu kule Kisutu. Binti yake Nisha alikuwa amesoma kwetu. Nikamweleza kwamba nataka kuwapiga walimu video wakiwa wanafundisha, ili tujione. Alisikiliza, akatikisa kichwa kama anavyofanya.

"Nisha alifundishwa na Theodora," akasema. "Chukua kamera Jumatano. Jumatano hakuna harusi. Lakini, Mwalimu, kitu kimoja. Picha ya karatasi unaweza kuichana. Kanda ikitoka mkononi mwako, usiihesabu tena kuwa ni yako."

Nilimshukuru kwa kamera. Maneno niliyapuuza.

Nilianza na mimi mwenyewe. Niliona aibu, lakini aibu yenye faida, kama ile ya mtu anayeambiwa na rafiki kuwa ana uchafu puani. Mwalimu wa hesabu akafuata, kisha wa historia. Ijumaa zetu zikachangamka. Nilikuwa na furaha, mwanangu, ya mtu aliyeokota kitu barabarani na bado hajapata kujua ni mali ya nani.

Theodora alikataa. Alikuwa ametoka Ndanda kule kusini, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watoto wanyamaze ili waisikie. Baiolojia yake ilikuwa ndiyo somo pekee ambalo shule yetu haikuona aibu matokeo yakitoka. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, naye alijua, nasi tulijua, kama kilivyokuwa cha wengi wetu. Kanuni ilisema sekondari ni Kiingereza tu.

"Hiyo kanda itakaa wapi?" aliniuliza.

"Kabatini kwangu. Ufunguo ninao mimi."

"Na watakaoiona ni akina nani?"

"Sisi wa Ijumaa. Theodora, wewe ndiye bora kuliko sote. Wenzio hawatajifunza kwangu, watajifunza kwako."

Nilimbembeleza kwa sifa, na sifa zile zilikuwa za kweli, ndiyo maana zilifanya kazi. Siku ya kurekodi alikuja na gauni la buluu lililopigwa pasi vizuri, na nywele kazisuka upya.

Wewe ulikuwepo, dawati la pili kutoka dirishani. Somo lilikuwa mzunguko wa damu. Alianza kwa Kiingereza, kama kanuni ilivyotaka na kama alivyodhani kamera inataka. Alihangaika. Akasema, na nakumbuka mpaka pumzi aliyovuta, "Blood is go to the body, and blood is come back tired." Damu inakwenda mwilini na inarudi imechoka. Wanafunzi waliandika tu. Hakuna aliyeinua uso. Akarudia, akiwa ameshika shingo ya gauni lake. Ndipo ukanyoosha mkono, ukavunja kanuni.

"Madam, damu inachokaje? Kwani imebeba nini?"

Alinitazama mimi niliyekuwa nyuma ya kamera. Akaweka chaki mezani. "Haya, simameni," akasema kwa Kiswahili, na kuanzia hapo lile darasa likawa jambo jingine. Meza yake ikawa moyo. Dirisha likawa mapafu. Waliokaa kwenye madawati wakawa mwili. Ninyi wengine mkawa damu: mnachota vipande vya chaki dirishani, mnapita mezani, mnawagawia waliokaa, mnarudi mikono mitupu. "Mnaona?" akasema. "Hii sasa ndiyo damu iliyochoka. Haina kitu mkononi. Ipelekwe wapi?" Darasa zima likapiga kelele, "Dirishaniii!" Kisha, na hapa ndipo palipo na ufundi, akawarudisha mkae, akawapa maneno ya Kiingereza moja moja juu ya kile mlichokwisha kukielewa, na mkaandika sentensi zenu wenyewe. Zilikuwa sahihi kuliko zake. Alizisoma kwa sauti, anacheka.

Ijumaa tukaitazama ile kanda stooni. Mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, akasema, "Rudisha pale alipoweka chaki." Tukarudisha. Tukarudisha tena. Theodora mwenyewe alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, halafu akaushusha polepole. "Kumbe nusu ya kwanza nilikuwa naomba radhi tu," akasema. "Nawaomba radhi watoto kwa Kiingereza changu. Somo lenyewe linaanza pale nilipoacha kuomba." Hakuna aliyemfundisha hilo. Alijiona, akajifunza. Nikikuambia kwamba mashine inaweza kumsaidia mwalimu, ni kwa sababu niliona kwa macho yangu, siku ile, mara moja. Sitaki uende ukidhani nilizaliwa nazichukia.

Ningeliishia hapo.

Ikaja semina kubwa mjini, ya mbinu mpya na vifaa vya kufundishia. Shule nyingi zilialikwa, na mimi nikaombwa nieleze habari ya kamera yetu, maana ilikuwa imesikika. Nilitaka kuonyesha ile kanda. Nilijiambia ni kwa faida ya walimu wote. Na ndivyo ilivyokuwa. Lakini pia nilitaka wajue ni nani aliyeanzisha.

Nilimwomba Theodora. Hakupenda. "Si tulisema ni ya Ijumaa?" Nikamwambia watu wanahitaji kuona lile tukio la chaki na dirisha, kwamba huenda likabadilisha hata kanuni yenyewe. Alifikiri sana. Mwishoni akasema, "Ukionyesha, onyesha yote. Mwanzo bila mwisho wake sitaki."

Nikaahidi.

Ukumbi ulijaa. Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu, aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Kanda ikaanza. Theodora akatokea na gauni lake la buluu. Alipofika kwenye ile sentensi, mtu mmoja nyuma akaguna. Aliporudia, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walimu, Zuhura. Walimu wenzake, ambao kesho yake wangesimama mbele ya watoto na kusema vilevile au vibaya zaidi. Nadhani ndiyo maana walicheka kwa nguvu.

Mwezeshaji akanyoosha mkono, akazima deki. "Nafikiri tatizo la shule zetu sote tumeliona," akasema.

Nikasimama. "Samahani, bado. Somo lenyewe ndiyo linaanza."

"Mwalimu, tunakushukuru sana. Muda hauko upande wetu. Chai iko tayari."

Watu wakageuka kunitazama. Wengine tayari walikuwa wanasogeza viti. Ningeweza kwenda mbele, nikabonyeza kile kitufe. Kilikuwa hatua chache tu. Badala yake nikaketi. Nilipoketi nikajisikia nafuu, maana watu waliacha kunitazama. Baadaye wakaniomba niwaachie kanda wainakili kwa ajili ya vituo vingine, na hapo pia sikukataa. Nilikuwa najitahidi nionekane sijakasirika. Niliichukua baada ya siku chache. Theodora aliponiuliza ilikuwaje, nikamwambia, "Waliipenda."

Sijui ni nani aliyeitoa kanda nje. Najua ni wewe uliyeniletea habari. Uliingia ndani hujavua viatu, unalia. "Baba, Madam Theodora yuko kwenye video. Kule Mtaa wa Sikukuu. Wanamwonyesha kabla ya sinema."

Nikaenda mchana ule ule. Kibanda kilikuwa cha mabati, kimefunikwa magunia ili giza liingie, mabenchi yamejaa vijana wa sokoni na, nikaona, mashati meupe ya wanafunzi wetu. Nikakaa pembeni. Gauni la buluu likatokea. Hata kabla hajafungua mdomo walikuwa wanajua linalokuja, na lilipokuja wote wakasema naye kwa pamoja, "Kam baki tayadi!" Kicheko kikapiga mabati. Kisha ikasikika sauti yako wewe, mwanangu. "Madam, damu ina..." Na picha ikakatika. Hapo ndipo walipoikata. Ikaanza karate.

Nilimfuata mwenye kibanda nje. Hakuwa mtu mbaya.

"Mzee, hiyo ni kichekesho tu," akasema. "Watu wanaizimia kinoma. Huyo mama ni nani kwani, ndugu yako?"

"Ni mwalimu. Naomba hiyo kanda."

Akaingia, akanipa bila ubishi. "Chukua tu, mzee wangu, usione noma. Ila nikwambie ukweli, iko Manzese, iko Temeke. Mimi mwenyewe nimeitoa kwa mtu."

Ile kanda niliibeba mpaka nyumbani, nami nilijua sijaondoa kitu.

Yaliyofuata uliyaona. Jina la Kambaki lilitoka vibandani likafika getini. Lilipigwa mluzi akipita, liliandikwa ukutani chooni. Aliendelea kuja kazini. Lakini hakusema tena darasani. Aliingia, akageukia ubao, akaandika notisi za Kiingereza kutoka kwenye kitabu, neno kwa neno, mpaka kengele. Ulipomuuliza swali siku moja alikuonyesha ubao kwa kidole. Mkuu wa shule alisema afadhali, sasa anafuata kanuni. Muhula ule haukuisha, akaacha kazi.

Nilikwenda kwake Buguruni. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi kuhusu kamera, kuhusu wezi wa kanda, kuhusu dunia. Alinipa kiti na chai, akanisikiliza.

"Kamera haikunikosea," akasema. "Mimi mwenyewe nilikubali kurekodiwa, na nilijiona, na nilifurahi. Waliocheka nao siwalaumu sana. Nimeambiwa na mtu aliyekuwepo ukumbini kwamba ulisimama."

"Nilisimama."

"Halafu ukakaa."

Akanimiminia chai nyingine, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, na tukazungumzia mvua.

Kundi la Ijumaa lilikufa kimya kimya. Sikulivunja, watu waliacha kuja tu. Mwalimu wa hesabu akawa anafunga mlango akifundisha, hata kwenye joto la Januari. Stoo ya ramani imewekwa kompyuta za msaada zilizokuja mwaka juzi, zimefunikwa vitambaa, na tunapelekwa kwenye mafunzo ambako kijana mwingine nadhifu anatusomea maneno yaliyomulikwa ukutani kwa mashine. Tunapiga makofi, tunapewa vyeti. Hakuna anayemwambia mwenzie, "Hapa nimeshindwa, wewe ulifanyaje?" Zamani hatukuwa na umeme wa uhakika lakini hilo tulikuwa nalo. Sijui litarudije. Nimejaribu, mwanangu. Nimewaita, wamekuja mara moja, wametazama saa.

Kwa hiyo uliposema kule chuoni wanarekodi, hilo ndilo lililonitoa mezani. Sitakuambia ukatae. Ningekuwa mnafiki, maana niliona uso wa Theodora akishusha ule mtandio. Wala sitakuambia ukubali. Watakuambia chombo hakina ubaya, ubaya uko kwa mtumiaji. Nami nilikuwa nasema hivyo. Siku hizi naona ni maneno ya watu ambao hawajawahi kuwa kwenye kanda. Na usije ukadhani kwamba utakuwa jasiri siku hiyo kwa sababu tu unapenda haki. Mimi nilikuwa naipenda sana. Ukumbi ni kitu kizito, na kiti kipo nyuma yako tu.

Kuna moja bado sijalisema kwa mtu. Mwezi uliopita nilipita Mtaa wa Kongo kumtafutia mama yako kitenge. Kwenye meza moja ya vitambaa nikamwona Theodora. Amenenepa kidogo, mvi zimeanza. Mchuuzi wa jirani akaita, "We Kambaki, una chenji?" Naye akaitika, "Ninayo, njoo," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama jina alilopewa na mama yake.

Alinitambua. Tukasalimiana vizuri, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari zako kwa jina. Nikamwambia umemaliza kidato cha sita, unakwenda Songea, chuo cha ualimu. Umechagua baiolojia.

Alikuwa anakunja kitenge. Akasimamisha mikono.

"Zuhura?" akasema. "Ualimu?"

"Ndiyo. Amechagua mwenyewe."

Akanitazama bila hasira, kama mtu aliyeambiwa habari za mji uliokwisha kuhamwa.

"Kumbe bado kuna watu wanaokwenda huko," akasema.

Mteja akaja, akaanza kuuliza rangi, naye akamgeukia. Nikangoja kidogo kuona kama ataongeza neno. Hakuongeza. Nikanunua kitenge meza nyingine, nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo nakutazama ukipanga madaftari yako nashindwa kujua nikupongeze au nikuzuie.

Sikuzuii. Jua limeshuka, mlinzi anataka kufunga geti. Kesho nitakuja stendi, nitabeba begi lako, na hutanisikia nikisema lolote katika haya. Ndiyo maana nimeyaandika. Mungu akufikishe salama. Mimi sina kingine cha kukupa.

Baba yako.